Hesabu Mbovu ya "Nunua Mpya Tu"

Mwulize muuza silaha wa Birmingham, au kijana wa kaunta katika duka la vifaa vya michezo kule Arkansas, kama bunduki yako ya upepo ya bei ya chini inafaa kutengenezwa. Utajibiwa hata hujaitoa kwenye mfuko wake. Haifai. Saa moja ya fundi inakula thamani yake yote, spea bado hazijahesabiwa, na kwa fedha hiyohiyo unapata mpya yenye waranti. Jibu hilo lina sura ya hekima, na kwa kuwa linatoka kwa watu wanaozijua bunduki kwelikweli, wengi hulipokea bila swali na kurudi nyumbani na boksi jipya. Mimi nasema ni jibu bovu, na limezoeleka kwa sababu tu linamfaa anayelitoa.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Bunduki ya upepo haitumii baruti. Risasi yake ndogo, ya milimita 4.5 au 5.5, husukumwa na hewa. Katika zile za bei ya chini njia kuu ni mbili. Kuna za springi: unaukunja mtutu, springi nene inabanwa nyuma ya pistoni, na ukivuta kifyatulio pistoni inaruka mbele ndani ya chemba na kuibana hewa kwa ghafla nyuma ya risasi. Kuna na za pampu: unausukuma mkono ulio chini ya mtutu mara kadhaa, hewa inajaa nyuma ya vali, na kifyatulio kinaifungua vali hiyo. BSA Meteor, iliyotoka Birmingham mwaka 1959, ni ya ukoo wa kwanza. Crosman 760, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1966, ni ya ukoo wa pili. Zote mbili zilikusudiwa watu wa kawaida: kijana anayejifunza kulenga shabaha uani kwao, mkulima mwenye panya ghalani.

Hoja ya wapinzani wangu naijua, nami nitaieleza kwa nguvu zake zote. Tuseme bunduki mpya ya springi inauzwa pauni 120. Yako iliyochoka, ukiiuza kama ilivyo, labda itakupa 30. Fundi mwenye karakana anatoza pauni 50 kwa saa, na kazi ya kuifungua, kubadilisha springi na sili, kuipaka grisi na kuirudisha itamchukua saa mbili. Ongeza spea na gharama ya kuisafirisha. Umeshaivuka bei ya mpya, na ulichobaki nacho ni chuma cha zamani ambacho sokoni hakifiki hata 80. Tarakimu hizi nimezitunga kwa ajili ya mfano; weka unazozijua wewe, na umbo la hesabu halitabadilika sana. Kama mambo ndivyo yalivyo, mwenye akili timamu atatengeneza kwa nini?

Kwa wengi mjadala huishia hapo. Kwangu ndipo unapoanza, kwa sababu hesabu ile imebeba madai ambayo hakuna aliyeyahoji. Imedaiwa kwamba bunduki imekufa. Imedaiwa kwamba kazi ni ya saa mbili. Imedaiwa kwamba lazima aifanye mtu wa kulipwa. Na imedaiwa kwamba ile mpya ya dukani ni sawa na ya zamani iliyo mezani, isipokuwa umri.

Tuanze na hicho kifo. Bunduki nyingi za upepo zinazotangazwa marehemu bado zina uhai mwingi, ila hakuna aliyejisumbua kuzipima. Malalamiko ya kwanza huwa ni kwamba haipigi tena shabaha. Sasa, bunduki ya springi hupiga teke mara mbili kwa risasi moja: pistoni inapoanza kukimbia huirudisha bunduki nyuma, na inapofika mwisho wa chemba huivuta mbele. Mtikisiko huo, siku baada ya siku, hulegeza skrubu zinazoshikilia kitako. Zikilegea kidogo tu, risasi zinatawanyika kana kwamba mtutu umepinda. Dawa yake ni bisibisi. Saa mbili za fundi ziko wapi hapo?

Au tatizo ni darubini. Darubini za bei poa zilizoundwa kwa bunduki za baruti, ambazo teke lake ni la nyuma peke yake, huharibika ndani zikifungwa juu ya bunduki ya springi. Mwenye mali anaona alama ya kulengea inahama kila anapofyatua, na lawama zote anautwisha mtutu. Au ni risasi zenyewe: mitutu hii ina uchaguzi wa ajabu, na ule uliokuwa ukifanya vizuri na risasi za kopo moja unaweza kukataa kabisa za kopo jingine, hata kama zote ni za kipimo kimoja. Nimeshawasikia watu wakijadili kununua bunduki mpya ilhali kilichobadilika ni kopo.

Mwingine analalamika kwamba nguvu zimepungua. Kata kipande chembamba cha karatasi ya chooni, kilaze juu ya maungio ya mtutu na chemba, kisha piga risasi moja mahali salama. Karatasi ikiruka, hewa inavuja hapo, na kinachotakiwa ni oringi au washa ndogo inayokaa nyuma ya mtutu, kitu cha senti chache ambacho huchokolewa kwa ncha ya sindano bila hata kuifungua bunduki. Karatasi isiporuka, umejifunza kwamba kosa liko ndani zaidi, na umejifunza bure.

Kwenye bunduki za zamani, kichwa cha pistoni kina sili ya ngozi. Ngozi hiyo na ile ya pampu ya baiskeli ni ndugu, na ugonjwa wao ni mmoja: ikikauka inanywea, hewa inapita pembeni. Kila aliyekulia na baiskeli ya Phoenix anajua kwamba pampu haitupwi kwa sababu hiyo; unaitia ngozi mafuta, unaikanda, inajaa tena. Bunduki nayo hupewa matone machache ya mafuta kupitia tundu la hewa, ikasimamishwa mdomo juu usiku kucha ngozi inywe. Zenye sili ya plastiki hazitibiwi hivyo, na hapo ndipo watu huharibu. Wanapulizia ndani ya chemba mafuta ya kulainishia bawaba za milango. Pistoni ikibana hewa joto linapanda ghafla na mafuta yanawaka, kanuni ileile ya injini ya dizeli. Bunduki inatoa moshi na mlio mkubwa, mwenyewe anaogopa, anaipeleka dukani, anaambiwa imekwisha. Haijakwisha. Imelishwa kisichokuwa chake, na mafuta yakishaungua yote ikapumzishwa, nyingi hurudi katika hali yake, mradi hakuendelea mpaka akaiua sili na springi.

Za pampu ndizo zinazoonewa zaidi. Mtu ameiweka stoo miaka mingi, anaitoa, anapampu, inasikika ikivuja taratibu kama inazomea, basi: mbovu. Mara nyingi ni mpira tu uliokauka, na tone la mafuta linalofaa kwenye kichwa cha pampu huurudisha. Wazoefu huihifadhi ikiwa na pampu moja ya hewa ndani, bila risasi, ili vali ibaki imefunga. Maelekezo ya mafuta yamo katika kijitabu kinachokuja na bunduki, kile ambacho hutupwa pamoja na boksi.

Nimekaa sana kwenye magonjwa haya kwa makusudi. Anayesema "haifai kutengenezwa" kabla hajajua kama kinachohitajika ni skrubu, oringi, mafuta au springi nzima hajafanya hesabu yoyote. Amesoma kibandiko cha bei.

Sasa nije kwenye dai ambalo hunikera kuliko yote, kwamba kitu cha bei ya chini ni kitu duni, na kitu duni hakistahili jasho. Katika mji wa Plymouth, jimbo la Michigan, kulikuwa na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1882 kutengeneza vinu vya upepo vya chuma. Miaka michache baadaye ikaanza kuwapa wakulima bunduki ndogo ya upepo kama zawadi ya kununua kinu. Bunduki ikapendwa kuliko kinu, na mwaka 1895 kampuni ikabadilisha jina ikawa Daisy Manufacturing Company. Fikiria hiyo: bunduki ya zawadi, yaani kwa aliyeipokea bei yake ni sifuri. Kwa kanuni ya wapinzani wangu haikustahili hata tone la mafuta. Hizohizo za mwanzo leo wakusanyaji wa vitu vya kale wanazigombania, na wanaweza kuzigombania kwa sababu kuna watu waliozitunza bila kuuliza soko linasemaje.

Lakini thamani ya ukumbusho tuiache. Mimi nina hoja ngumu zaidi. Bei ya chini ndiyo inayoifanya bunduki itengenezeke. Crosman 760 imekuwa sokoni tangu 1966 na Daisy 880 tangu 1972. Chuma na mbao vimeipisha plastiki katika sehemu nyingi, hilo silikatai, ila kitu kinachouzwa kwa wingi kiasi hicho kwa nusu karne hakikosi sili, hakikosi michoro ya kukifungua, hakikosi mtu aliyeshapitia tatizo lako. Wachina waliichukua Crosman 160 ya miaka ya 1950 wakaitoa upya kwa jina la QB78, bunduki ya gesi ya kaboni dioksidi inayotumia vichupa viwili vya gramu 12. Kwa bei iko chini kabisa. Kwa fundi ni raha tupu: pini, skrubu, na oringi ambazo nyingi ni za vipimo vya kawaida, unazozipata kwa wauza vifaa vya hidroliki bila kutaja neno bunduki. Kachungulie upande wa pili, kwa bunduki ya kifahari iliyotengenezwa kwa uchache na kampuni iliyokwisha kufunga milango. Sili yake itabidi ikerezwe kwa mkono na mtu mmoja anayejua, foleni yake ni ya miezi, na bei yake hutaitaja mbele ya mkeo. Hiyo ndiyo isiyofaa kutengenezwa! Lakini hiyo hakuna anayethubutu kusema itupwe, kwa sababu iligharimu.

Meteor nayo ni shahidi wangu. Ilitengenezwa Birmingham kwa toleo baada ya toleo, miongo kwa miongo, na hadi leo Uingereza zimejaa kwenye madari na mabanda ya bustani. Ni bomba la chuma, springi, pistoni, kitako cha mti wa beech, na kifyatulio chepesi kueleweka. Ukiiweka kando ya bunduki mpya ya bei ya chini kabisa leo, yenye kitako cha plastiki na kifyatulio kinachohitaji nguvu za kung'oa msumari, utauliza nani hasa anayepaswa kumpisha mwenzake. Kulinganisha pauni kwa pauni kunaficha hilo. Pauni 120 za leo hazikununulii Meteor mpya ya mwaka 1965.

Na mpya ina gharama zake ambazo hazimo kwenye risiti. Bunduki mpya ya springi haitulii siku ya kwanza. Mamia ya risasi za mwanzo ni za kuunguza grisi ya kiwandani na kuikalisha sili, na kabla ya hapo huwezi kujua kama ni nzuri au umeuziwa sura. Utaanza upya kutafuta risasi inazozipenda. Darubini utairekebisha upya. Uingereza, tangu Oktoba 2007, mfanyabiashara hawezi kukukabidhi bunduki ya upepo pasipo kuonana nawe ana kwa ana, kwa hiyo hata "kununua tu" ni safari. Siilaumu sheria hiyo. Naiweka kwenye hesabu, kwa kuwa wenzangu wanapenda hesabu.

Inabaki saa ya fundi. Hapa nakubali nusu: ukimpa mtu wa kulipwa kazi nzima ya kuifungua bunduki ya springi, mara nyingi utalipa zaidi ya bei yake sokoni. Ninachokataa ni kwamba lazima iwe hivyo. Kazi ya bisibisi, ya oringi ya nyuma ya mtutu, ya mafuta na ya kusafisha mtutu ni ya mwenye mali, meza na taa. Bunduki ya pampu ni shule nzuri ya kuanzia, kwa sababu ukiisha kuhakikisha haina risasi na haina hewa, hakuna kitu kilichobanwa ndani kitakachokurukia. Ya springi ni habari nyingine. Springi yake imebanwa hata kabla hujaikoki. Ukiitoa pini ya nyuma bila kifaa cha kuishikilia, kizibo kitaruka na kukutoa meno. Wanaojitengenezea hutumia kibanio cha mbao chenye skrubu ndefu, wakailegeza springi polepole mpaka inyooke yenyewe. Kibanio hicho kinatengenezwa mara moja kikatumika maisha. Asiyekuwa nacho, na asiye na mtu wa kumwonyesha, asiguse, ampelekee fundi na alipe. Lakini alipe akijua analipia nini, baada ya kufanya vipimo vyote vya bure.

Kuna na kundi la upande wa pili ambalo nalo silipendi: wale wanaoona kila chuma ni kitakatifu. Hao huwa hatari kuliko wauza duka. Ndani ya bunduki ya springi kuna kijino kinachoishika pistoni baada ya kukoki. Kijino hicho kikilika, bunduki inaweza kujifyatua wakati vidole vyako bado viko kwenye mtutu uliokunjwa, na mtutu ukijifunga kwa nguvu ya springi unakata kidole au kuvunja kitako. Kijino hakinolewi kwa tupa jioni moja kwa kufuata maneno ya mtu. Kama kijino kipya hakipatikani, bunduki imekwisha, iwe ya pauni 60 au 1,000. Vivyo hivyo kwa zile za siku hizi ambazo mitambo yake imefungwa kwa ribiti na gundi, kifyatulio na vali vikiwa kipande kimoja cha plastiki ambacho kiwanda hakikiuzi peke yake. Hapo muuza duka ana haki, japo sababu anayoitoa siyo.

Sheria nayo ina neno lake. Uingereza na Wales, bunduki ya upepo isiyozidi nguvu ya futi-pauni 12, karibu joule 16, haihitaji cheti cha silaha. Ikizidi hapo inakuwa silaha kamili mbele ya sheria. Mtu anayeweka springi yoyote aliyoiona ni nene kwa kuwa "itaipa nguvu" anaweza kuamka raia mwema na kulala mkosaji. Vilabu vya kulenga shabaha vina vifaa vya kupima mwendo wa risasi. Baada ya kubadilisha springi, kipimo hicho ni sehemu ya kazi, sawa na grisi. Kwa msomaji wa kwetu Afrika Mashariki, ambako sheria za silaha ni kali na bunduki hizi ni chache, swali la kibali litangulie swali la oringi.

Tazama sasa orodha ya sababu za kweli za kuacha kutengeneza: kijino kilicholika, mtutu uliopinda, spea isiyopatikana popote, mtambo usiofunguka, nguvu inayovuka sheria. Hakuna hata moja inayosomeka kwenye kibandiko cha bei. Unaweza kuzikuta zote katika bunduki ghali, na usikute hata moja katika bunduki iliyonunuliwa kwa fedha ya mfukoni ya mtoto wa shule.

Hata hilo neno "itupe" wanaolisema hawajalifuata hadi mwisho wake. Unaitupa wapi? Bunduki ya upepo haiwekwi kwenye pipa la taka la mtaani ili mtoto wa jirani aiokote. Uingereza husalimishwa kituo cha polisi, au hupelekwa kwa muuzaji aliyesajiliwa. Scotland, tangu 31 Desemba 2016, hata kukaa nayo nyumbani bila leseni ni kosa. Na kuibeba hadharani bila sababu halali ni kosa hata ikiwa haina risasi ndani. Kwa hiyo yule aliyekwisha kupima, akakuta kijino kimelika na kipya hakipo, ahakikishe kwanza kwamba haina kitu kwenye mtutu, apige simu kituoni aulize wanapokea lini na kwa utaratibu gani, aifunge ndani ya mfuko wake, ndipo atoke nayo.